Mwache Kwanza Aogope

Nilipofika msibani Viwanja Sitini, hapo Ifakara, nilimsikia Otilia kabla sijamwona. Alikuwa nyuma ya nyumba anagombana na vijana wa turubai, sauti imejaa uwanja mzima. "Hapo hapo! Kaza kamba, siyo unaizungusha kama unafunga mbuzi!" Mtu amefiwa na mama yake mzazi, macho yamemvimba, na bado anasimamia turubai. Nikacheka peke yangu pale mlangoni, kisha nikaona haya, maana msibani hapachekwi. Wanawake wawili waliokuwa wanachambua mchele walinitazama, mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Huyo ni mwenyekiti wa kijiji kule Masagati. Ndiyo sauti yake ya kazi hiyo, wakulima na wafugaji wakianza kukunjana mashati yeye ndiye anaingia katikati." Mwenzake akajibu, "Mh! Huyo hata utotoni lazima alikuwa king'ora." Nikapita, nikaenda kumkumbatia rafiki yangu, tukalia mpaka khanga zikalowa mabegani. Lakini neno lile lilinikera siku nzima. Hata utotoni! Watu wakimwona mtu jasiri wanadhani alizaliwa hivyo, kama ndama anavyozaliwa na miguu yake minne. Mimi nilimjua Oti akiwa na sauti ambayo ilibidi umsogelee mdomoni ndipo uipate. Basi nauandika mwaka ule tulipokuwa darasa la sita, miaka ya tisini katikati, na asiyependa habari za watoto na michezo yao afunge kitabu akalale.

Kibaoni wakati ule kulikuwa na fundi redio mmoja, kijana mpole mwenye ndevu chache, tukimwita Kaka Bosko. Nyuma ya banda lake la ufundi alikuwa na chumba ambacho hakikuwa na dirisha ila tundu lililozibwa kwa kipande cha khanga, na humo aliweka televisheni kubwa yenye makalio kama pipa. Stesheni haikushika hata moja. Ilikuwa ya gemu tu. Alikuwa amerudi nayo kutoka Dar es Salaam, pamoja na mashine ya kuchomeka kaseti na pedi mbili zilizozungushiwa utepe wa umeme kila mahali, na jenereta nje ilinguruma mpaka kuta zikawa zinatetemeka. Chumba kilinuka risasi ya kuchomelea, petroli na miguu ya wavulana. Mabenchi mawili, watoto ishirini, kelele ya soko la samaki. Pembeni yake kulikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, na wanawake waliosubiri zamu walikaa juu ya magunia yao wakitusema kwa sauti ambayo walijua tunaisikia. "Gemu hizo zinanyonya macho, we subiri." "Wangu mimi juzi kaamka anapigana na chandarua." "Afadhali chandarua, wangu kampiga teke mjomba wake." Vicheko. Mpaka leo nikisikia mashine inakoboa, nasikia na wale akina mama, na njaa inanishika, kwa sababu mlangoni pa Kaka Bosko ndipo Oti alipokaa na beseni lake la vitumbua.

Vitumbua vya mama yake vilikuwa vya unga wa mchele wenyewe wa Ifakara, vimekauka pembeni na laini katikati, na Kaka Bosko alikuwa mlevi wa vitumbua vile. Mimi nilimsindikiza Oti kila siku baada ya shule kwa sababu mbili, njaa na umbea, na kwa sababu mtu akimnunulia ilibidi mimi ndiye niseme "karibu tena." Oti alikuwa haongei. Akiitwa darasani alisimama, midomo ikachezacheza, akakaa. Walimu walishachoka kumchapa. Mchana mmoja wavulana walipokwenda kula makwao na chumba kikabaki kitupu, Kaka Bosko alimwambia, "Ingia basi na wewe ujaribu, Oti, nisije nikala vitumbua vya watu bila fadhila." Oti akanitazama mimi. Nikamsukuma. Kusukuma watu ndiyo ilikuwa tabia yangu, na sijaiacha.

Gemu yenyewe ilikuwa na maandishi ya huko mbali mashariki, vijiti na vibanda vibanda, hakuna aliyejua hata herufi moja, kwa hiyo tulijitungia wenyewe. Ulichagua mtu wako, kisha ukapita naye msituni na mitaani na kwenye mapango, mazimwi yanakuja, unapigana. Kulikuwa na mwanamume mwenye misuli ambaye wavulana walimwita Komando, kulikuwa na mzee wa fimbo, kulikuwa na mwingine mwenye kichwa cha chui. Na mwishoni kabisa, kama aliyewekwa kwa bahati mbaya, kulikuwa na msichana mdogo wa gauni la bluu. Wakimwita Kabinti. Hakuna mvulana aliyemchagua Kabinti ila kwa kupoteza bahati nasibu, kwa sababu Kabinti hakuwa na ngumi wala teke. Mazimwi yakimkaribia alisimama, akajifunika uso kwa viganja vyote viwili, akatetemeka. Ni hivyo tu! Wavulana walibonyeza kila kitufe kilichokuwepo, wakaipiga pedi magotini, wakamtukana, "Piga wewe! Ruka wewe!" na kila walipobonyeza Kabinti alianguka chali akafa. Walikubaliana kwamba kaseti ilikuwa na hitilafu.

Oti alimchagua Kabinti mara ya kwanza aliposhika pedi. Sidhani hata kama aliwatazama wengine. Akatembea naye, mazimwi yakaja, Kabinti akajifunika uso, na Oti akafanya kitu ambacho hakuna mtoto wa Kibaoni aliyewahi kukifanya: aliitoa mikono yake kwenye pedi akaiweka mapajani. "Bonyeza!" nikapiga kelele mimi. "Oti, bonyeza, yanamla!" Akatikisa kichwa. Nikainama, kama kawaida, nimsikie. Akasema, "Mwache kwanza aogope." Mazimwi yakasogea, yakasogea, mpaka nikaziba macho yangu mwenyewe, na ndipo nikasikia sauti kutoka kwenye televisheni ambayo sikuwahi kuisikia. Nilipofumbua, Kabinti alikuwa ameshusha mikono, kinywa wazi, anapiga ukelele, na mduara wa mwanga ukatoka kwake ukayalaza mazimwi yote chini. Yote! Kaka Bosko alikuja mbio kitumbua kikiwa mdomoni. "Umefanyaje? Umefanyaje?" Oti alikuwa anatabasamu, na mimi niliyekuwa nakaa naye dawati moja nilikuwa naliona jino lake la pembeni kwa mara ya kwanza.

Sasa nimeishi, nimezaa, nimesimamia watu kazini, na bado sijasikia ushauri unaoupita ule. Sisi wote tulitaka mwoga asiwe mwoga hapo hapo, upesi, maana woga wa mwenzako unachosha kuutazama. Oti alijua kwamba woga una mwendo wake, unafika mwisho ukiachiwa. Alijuaje, mtoto wa miaka kumi na mitatu? Alijua kwa sababu ya kilichompata, na kilichompata kila mtu Ifakara alikijua, au tuseme kila mtu alikuwa na namna yake ya kukisimulia. Akiwa na miaka sita, mama yake alikwenda nao shamba la mpunga ng'ambo ya mto, yeye na dada yake Melania, kama familia zote za bonde zinavyohamia mashambani mpunga unapoanza kutunga maziwa. Watoto wanakaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti, wanaamia ndege. Kazi ni kelele: kutwa unapiga debe, unatupa udongo kwa kombeo, unapiga mayowe, maana ndege wale wakitua hawaachi punje. Melania alishuka kwenda kuchota maji kijitoni. Mamba akamchukua. Oti alikuwa juu ya dungu na aliona yote. Watu walipofika walimkuta amesimama pale pale, kinywa wazi, hakitoki kitu. Hapo ndipo maneno yalipoanzia, kwamba mtoto yule alimtazama dada yake akienda na hakuita mtu.

Maneno ya watu wazima hushukia kwa watoto, na watoto huyatia wimbo. Aliyeutunga alikuwa Deo, jitu la mvulana lililokariri darasa mpaka likaota ndevu. "Oti kimya, Oti kimya, dada anakwenda, Oti kimya." Waliuimba kisimani, waliuimba njiani, waliuimba kwa kupiga makofi kama kwaya. Mimi niliwarushia mawe, matusi na siku moja kiatu, ambacho hakikurudi. Oti alipita tu na beseni lake kichwani. Kilichoniuma ni kwamba hakukasirika. Aliusikiliza wimbo ule kama mtu anayesomewa mashtaka ambayo anayakubali. Na nyumbani kwao jina la Melania halikutajwa kabisa. Zamani watu walimwita mama yake Mama Melania. Baada ya msiba aliwaambia majirani wamwite Mama Oti, na aliyesahau alitazamwa jicho moja tu akakumbuka. Mwanamke mrefu, mchapakazi, mikono haitulii. Nilikula kwake mara nyingi, wali na samaki kitoga wa kuchemsha na limao, na tulikula tukisikia tu vidole vyetu kwenye sahani. Oti aliniambia siku moja tunaosha vyombo, nikiwa nimeinama kumsikia: "Mama hanitajii Melania kwa sababu anajua. Akitaja atanichukia." Nikamwambia, acha ujinga.

Habari za Kabinti zilienea. Wavulana walianza kubaki mchana bila kula ili wamwone Oti akicheza, na walionyamaza walikuwa wengi kuliko waliozomea. Kila alipotoa mikono kwenye pedi chumba kizima kiliacha kupumua, na Kabinti alipopiga ukelele walipiga nao mpaka akina mama wa mashine ya kukoboa wakaja kuchungulia. Hilo Deo hakuliweza. Siku moja aliingia akiwa amechelewa, akawapita wenzake kwa mabega, akampokonya Oti pedi katikati ya pango. "Oyaa, toka hapo. Kauze vitumbua." Kabinti akaanguka akafa. Deo akacheka, akaanza wimbo wake akimwimbia usoni, karibu kabisa, na wawili watatu wakaitikia. Nilikwishainuka na stuli mkononi. Oti akanishika nguo bila kunitazama. Akajifunika uso kwa viganja vyote viwili.

Jamani, niliwahi kuona mambo, lakini lile sijaliona tena. Alitetemeka, mabega yote, na Deo anaimba, na wale wawili watatu wakapungua wakawa mmoja, kisha Deo akabaki peke yake anaimba kwa sauti ambayo hata yeye aliona haimpendezi. Oti akashusha mikono. Hakupiga ukelele wowote. Alisema, kwa sauti ndogo ile ile, lakini chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba hakuna aliyehitaji kuinama: "Ni kweli. Sikumwita mtu. Nilikuwa juu, nikaona, na sikuita. Sasa Deo, mimi nimeshasema. Wewe unataka niseme nini tena?" Deo akamtazama Kaka Bosko kama mtu anayetafuta msaada, naye Kaka Bosko akamwambia taratibu, "Mpe mwenzako pedi yake." Akampa. Wimbo ule sikuusikia tena Ifakara, na Deo mwenyewe, loo, wiki iliyofuata alikuja kununua vitumbua akasema "asante" huku anatazama miguu yake.

Wengine wangesema hapo ndipo shujaa wetu aliposhinda. Mimi nilimtazama tukirudi nyumbani na nilijua bado. Alikuwa amewashinda waliomwonea kwa kukubali kosa, na kosa lenyewe bado lilikuwa lake, amelibeba pamoja na beseni. Na gemu haikutusaidia kwenda mbele zaidi, maana muda si mrefu Kaka Bosko aliifunga biashara, akapakia televisheni yake akahamia Mlimba. Kabinti hatukumfikisha mwisho wa safari yake. Sijui hata mwisho ulikuwa nini.

Mpunga ulipoanza kutunga maziwa mwaka ule, ndege walikuja wengi mno. Miaka yote mama yake alikwenda shambani peke yake na kumwacha Oti kwa mama yake mdogo, lakini mama mdogo alikuwa amemfuata mumewe mbali, na Mama Oti alikuwa na mguu unaomsumbua. Nilikuwa kwao jioni alipokuwa anafunga virago. Alisema bila kuinua uso, "Oti utabaki kwa kina Gaudensia." Gaudensia ni mimi. Oti akasema, "Nakwenda na wewe, mama." Mama yake akaacha kufunga. "Huwezi." "Siwezi, lakini nakwenda." Ilikuwa likizo ya Pasaka, na kwa kuwa mimi siachwi nyuma penye jambo, nililia nyumbani mpaka nikaruhusiwa.

Tulivuka mto kwa pantoni pale Kivukoni, mama anasukuma baiskeli yenye magunia na sufuria, sisi nyuma. Dungu lilikuwa pale pale, limejengwa upya kwa miti mipya. Oti alifika chini ya ngazi akashika mti, akaganda. Mpunga ulikuwa umeinama kwa kushiba na ndege walikuwa wanashuka kama mvua, na mama yake alisimama katikati ya shamba anatutazama, mkono umeshika kiuno. Nilitaka kumsukuma. Mungu ni shahidi, mikono yangu ilikuwa njiani. Nikaizuia, nikakaa kwenye tuta, nikajiambia, mwache kwanza aogope. Akaogopa. Jua lilisogea, ndege wakala, mama yake hakumharakisha. Kisha Oti akapanda ngazi, mguu mmoja baada ya mwingine, akaenda kukaa juu, akachukua debe akaanza kupiga. Mayowe nilipiga mimi. Siku zote zile yeye alipiga debe na mimi nilipiga mayowe, na tuligawana kazi hivyo bila kuulizana.

Mpaka siku ya pepeta. Pepeta ni mpunga wa kwanza, ule ambao haujakauka, unakaangwa chunguni na kutwangwa ungali moto mpaka unakuwa bapa, na harufu yake ukiijua huisahau. Mama Oti alikuwa anatwanga chini ya dungu, jua linaanza kulegea, sisi tumeshuka tumekaa tunasubiri mikono wazi. Oti hakuchukua alipopewa. Alisema, "Mama. Nataka nikwambie habari ya Melania."

Mchi ukabaki juu. Nilidhani atampiga nao, nakwambia kweli. Oti akaendelea, maneno yakimtoka moja moja. "Najua unajua. Lakini nataka niseme mwenyewe. Nilimwona. Nilimwona tangu mamba anamshika. Sikukuita, mama. Ningekuita ungewahi. Sikukuita."

Mama yake akauweka mchi chini, akakaa pale pale kwenye pumba, mguu mbovu umenyooka mbele. "Nani kakwambia hukuita?"

"Watu wote. Walinikuta kimya."

"Walikukuta kimya kwa sababu sauti ilikuwa imekwisha!" Alisema kwa ukali mpaka nikarudi nyuma. "Uliita, Otilia. Uliita mpaka sauti ikakatika. Mimi nilikuwa kule, kwenye mpaka wa shamba, nimeinama napalilia, na nilikusikia. Nilikusikia tangu mwanzo." Akajifuta uso kwa kiganja, pepeta zikabaki shavuni. "Nikadhani unafukuza ndege. Nikasema moyoni, leo mwanangu kachangamka, anafanya kazi. Nikafurahi. Nikaendelea kupalilia."

Pepeta ikapoa mkononi mwangu.

"Nilidhani wewe unajua," mama akasema. "Nilidhani hunisemeshi kwa sababu uliniita na sikuja. Nikaona, nikilitaja jina lake utaniuliza, mama ulikuwa wapi."

Oti alikuwa anamtazama kama mtu anayesoma maandishi ya mbali. "Niliita?"

"Uliita."

"Nilisemaje?"

"Ulimwita dada yako kwa jina. Kisha ukaniita mimi, kama mlivyokuwa mkiniita kutwa mkifukuza ndege."

"Sema tena," Oti akasema. Mama akasema tena. Oti akamsogelea, akamwekea kichwa mapajani, akamwomba aseme tena, naye akasema, uliita mwanangu, nilikusikia, uliita, na kila alipomaliza aliombwa aanze upya. Ndege walishuka kwenye mpunga wakala jioni nzima, na hatukuwafukuza.